Nyekundu Iliyopauka: Rangi za Deraya na Sarufi ya Kivuli

Kuna usemi unaorudiwa sana na watu waliosoma isimu kidogo: eti Kiswahili ni maskini wa rangi. Ushahidi wao ni huu. Vivumishi halisi vya rangi tunavyo vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Hivyo ndivyo vinavyokubali upatanisho: shati jekundu, kanzu nyeupe, vyungu vyeusi. Zilizobaki tumeziazima au tumezizungushia maneno: shati la kijani, gari la bluu, ukuta wa kijivu. Hapo mtu anahitimisha kwamba Mswahili haoni tofauti, au anaiona lakini hana la kuisemea.

Mimi nabisha. Na nitabishia mahali ambapo pengine msomaji wa fasihi hakutegemea: kwenye meza ya kupaka rangi askari wa plastiki.

Kwa asiyejua, ipo michezo ya vita inayochezwa mezani kwa dadu, futi kamba na vijisanamu vya askari wasiozidi sana kidole gumba kwa urefu. Maarufu kuliko yote ni Warhammer, wa kampuni ya Uingereza iitwayo Games Workshop. Ulitoka mwaka 1983, na ndugu yake wa anga za mbali, Warhammer 40,000, akafuata 1987. Askari wanauzwa wakiwa vipande vya plastiki ya kijivu. Wewe ndiye unayewakata, unawagundisha, unawapaka. Na kwa kuwa wengi wao wamevaa deraya kutoka utosini mpaka kisiginoni, swali la kwanza ni deraya iwe na rangi gani. Hilo ni jepesi, hata mtoto analijibu. Swali la pili ndilo linalokesha watu: rangi hiyo ikolee kiasi gani, wapi iwe na giza, wapi ipate nuru, na kwa nini?

Mimi napaka nikiwa Mabawe, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Huku hakuna duka la vitu hivi. Kopo la rangi likifika limepanda basi siku nzima au zaidi, kwa hiyo halifunguliwi kiholela. Ufinyu huo una faida yake: unakulazimisha kufikiri kabla ya kuchovya brashi.

Majina ya makopo

Tuanze na majina, maana sisi ni watu wa maneno. Rangi za Games Workshop za kutia kivuli, zile za majimaji zinazojiingiza zenyewe kwenye mikunjo na mifereji, zina majina kama Nuln Oil na Agrax Earthshade. Nuln ni mji wa kubuni ndani ya ulimwengu wa Warhammer. Mafuta yake sijawahi kuyaona, na wewe hujawahi, na aliyeyapa jina hajawahi. Hiyo ya pili inajiita kivuli cha udongo. Udongo wa wapi? Ukiifungua ni kahawia iliyofubaa, kama maji ya dimbwi. Kwa mchoraji wa Nottingham, ambako ndiko makao makuu ya kampuni, pengine huo ni udongo kweli. Toka nje hapa Mabawe uangalie barabara: udongo wetu ni mwekundu, unapaka miguu, unapaka pindo za mashuka yaliyoanikwa, unapanda ukuta wa nyumba mpaka usawa wa goti kila mvua inaponyesha. Askari aliyetiwa Agrax Earthshade hajapita Ngara.

Sasa sikiliza jinsi sisi tunavyotaja. Kijivu kinatoka kwenye jivu. Kahawia ni kahawa. Kijani ni majani. Manjano ni ile bizari. Zambarau ni tunda, unalila na ulimi unabaki na ushahidi. Samawati ni mbingu kwa Kiarabu. Halafu kuna zile tamu zaidi: rangi ya ugoro, rangi ya maji ya kunde, rangi ya damu ya mzee. Hii ya mwisho nimeitafakari kwa miaka. Kwa nini ya mzee? Kwa sababu damu mbichi ni nyekundu inayopiga kelele, na hii imetulia, imezama, inakaribia weusi. Ndani ya maneno matatu kuna rangi, kuna ukolevu wake, na kuna umri.

Jina la namna hiyo ni maelekezo. Linakwambia nenda kaangalie. Mtu akisema deraya iwe ya kijivu, naenda mekoni: jivu la kuni zilizoungua vizuri limekaribia weupe, la mkaa limeingia uvumba, na lililomwagiwa maji ni kama risasi. Jina moja, viwango vitatu, na vyote naviona kwa macho.

Kivuli ni kitenzi

Lakini hoja yangu kubwa haiko kwenye majina. Iko kwenye vitenzi. Wanaotuhesabia vivumishi vitatu wamehesabu kapu lisilo lenyewe. Kiswahili hakisemi ukolevu wa rangi kwa kivumishi. Kinausema kwa kitenzi, tena mara nyingi kitenzi kilichokwisha kutendeka. Nyekundu *iliyokolea*. Nyekundu *iliyoiva*. Nyekundu *iliyopauka*, *iliyofifia*, *iliyochujuka*, *iliyochakaa*, *iliyoungua*. Yaani kwetu kivuli cha rangi ni jambo lililoipata ile rangi. Ina wasifu wake.

Na tazama kila kitenzi kilivyobeba ufundi wake.

*Kukolea* kumetoka kwenye chumvi na mchuzi. Rangi hukolea kwa kurudiwarudiwa, si kwa kumwagwa mara moja. Mpakaji yeyote mzoefu atakwambia hivyohivyo: zimua rangi kwa maji, paka koti jembamba, subiri likauke, rudia mara mbili au tatu. Ukipaka nzito kwa pupa unaziba mistari yote ya deraya, na askari anakuwa kama aliyetumbukia kwenye uji.

*Kupauka* ni la ngozi isiyopakwa mafuta, na la kitu kilichopigwa jua. Hapauki mtu mzima kwa pamoja. Unapauka viwiko, magoti, mahali palipojitokeza. Basi na deraya ni vivyo hivyo: mabega, juu ya kofia ya chuma, mgongo wa kiganja. Na hapa kuna mtego unaojulikana. Ukitaka nyekundu ipauke ukaichanganya na nyeupe, unapata waridi, na askari wako wa kutisha anaonekana amevaa sare ya maharusi. Nyekundu huinuliwa kwa chungwa, au kwa rangi ya mfupa, au kwa ugoro kidogo. Anayejua kwamba kupauka ni kukauka, wala si kuwa mweupe, hanaswi kirahisi.

*Kuchujuka* ni la kanga. Rangi inatoka ilipokuwa na kuhamia ilipokuwa haitakiwi, ikifuata maji. Kwenye deraya hiyo ndiyo ile michirizi inayoshuka kutoka kwenye ribiti na maungio, myembamba, yote ikielekea chini kwa sababu maji hayapandi.

*Kuchakaa* ni la kushikwashikwa. Hakuchakai mahali ambapo hakuna mkono, mlango wala mwamba. Ukiweka mikwaruzo kila ukingo bila kujiuliza nani aligusa, hiyo si deraya iliyochakaa, ni deraya yenye madoa tu.

Unaona sasa? Msemaji wa lugha hii anapochagua ukolevu wa rangi, sarufi yenyewe inamuuliza: imepatwa na nini? Hilo ndilo swali ambalo mafundisho mengi ya kupaka rangi hayaulizi. Yanakupa kanuni: rangi ya msingi, kisha kivuli, kisha nuru, kisha nuru ya nuru. Hatua nne, makopo manne, kwa kila askari na kila vita.

Jua la utosi

Swali la pili ambalo deraya inadai ni mwanga unatoka wapi. Askari mkubwa kama kidole hapati kivuli cha maana kutoka kwenye taa ya chumbani, umbo lake ni dogo mno. Kwa hiyo mpakaji anakipaka kile kivuli ambacho mwanga ungekifanya laiti askari angekuwa mtu mzima. Ni uongo wa kusaidia ukweli, na mwandishi wa hadithi anaujua vizuri uongo wa aina hiyo.

Njia moja inayopendwa ni kuanza na koti jeusi, kisha kupuliza nyeupe kutoka juu kabisa, ili kila kinachotazama mbingu kiwe na nuru na kila kinachotazama ardhi kibaki gizani. Walioko mbali na ikweta wanalazimika kulibuni jua hilo lililo wima. Sisi Ngara, tukiwa chini ya nyuzi tatu kusini mwa ikweta, tunalo na jina lake tunalo: jua la utosi. Saa sita mchana kivuli cha mtu kinajikunyata miguuni. Macho yanazama chini ya paji, kidevu kinaitia shingo giza, mabega yanawaka. Ukitaka kujua deraya ipauke wapi, mtazame fundi ujenzi saa sita juu ya kenchi.

Na chuma je? Chuma kilichong'arishwa hakina rangi yake mwenyewe, kinaazima ya jirani. Ndiyo maana kuna wapakaji wanaokataa kabisa rangi za kumetameta na kuchora mng'ao wenyewe kwa rangi za kawaida: sehemu inayotazama juu wanaipa mbingu, katikati wanaweka mstari wa giza wa upeo, na sehemu ya chini wanaipa ardhi. Sasa ardhi ya nani? Sehemu nyingi utaona kahawia ileile ya dimbwi. Deraya inayong'aa Mabawe ingekuwa na samawati juu, kijani cha migomba kwenye upeo, na tumboni wekundu wa udongo. Kama huamini, kamata sufuria jipya ukasimame nalo uani.

Somo la kutu nalo tunalo bure juu ya vichwa vyetu. Bati jipya linaumiza macho. Baada ya masika kadhaa limepauka. Kisha kutu inaanza, na haianzi popote: inaanza kwenye misumari na pale bati linapolalia bati, ndipo inashuka kufuata mikunjo. Rangi yake si moja pia. Kutu changa ni chungwa, iliyokomaa ni kahawia, iliyozeeka ni damu ya mzee.

Shule mbili

Nikirudi kwenye uhakiki wa kazi zenyewe, naona shule mbili zinazoshindana, na zote zimetoka nyumba moja.

Ya kwanza ni ile ya picha za maboksi ya Games Workshop. Deraya ni safi, kila ukingo umechorewa mstari mwembamba wa nuru, hata ule ulioko kwapani ambako jua halifiki. Inavutia, na ina sababu yake: askari lazima asomeke kwenye picha ndogo na kutoka upande wa pili wa meza. Lakini ukiitazama kwa muda inachosha, kama riwaya ambayo mwandishi anaeleza hisia ya kila mhusika kila anapofungua mdomo. Kila kitu kimesisitizwa, basi hakuna kilichosisitizwa.

Ya pili ni ya John Blanche, aliyekuwa msimamizi wa sanaa wa kampuni hiyohiyo kwa miaka mingi, na ambaye jina lake lilizaa safu ya Blanchitsu kwenye jarida la White Dwarf. Kwake rangi ni chache na zinafanana: kahawia, mfupa, nyekundu iliyoiva, weusi. Deraya zake zimefukiwa na moshi na uzee. Hapo kivuli kimepewa kazi, si pambo. Napenda shule hii, ila nayo ina ugonjwa wake. Wafuasi wameifanya uchafu kwa ajili ya uchafu. Askari aliyetoka tu kambini na aliyerudi vitani wote wana tope lilelile. Usafi wa boksi na uchafu wa Blanche vinaweza kuwa uvivu mmoja wenye nguo mbili, kama hakuna aliyeuliza imepatwa na nini.

Ngao zetu

Huku bara ngao ndiyo iliyokuwa deraya yetu. Ngao ya Kimasai ya ngozi ya nyati ilipakwa nyekundu, nyeupe na nyeusi, na michoro yake ilimtambulisha mbebaji: ni wa kundi gani, na katika alama nyekundu zipo ambazo hazikupakwa na kila kijana bali aliyethibitisha ushujaa. Rangi ilikuwa habari. Kenya wakaichukua ngao hiyo mwaka 1963 wakaiweka katikati ya bendera. Sisi Watanzania nembo yetu ni ngao pia, na sehemu yake nyekundu inasimama kwa udongo wa Afrika wenye rutuba. Udongo ule ule unaopanda kuta zetu.

Na majirani zetu ng'ambo ya Rusumo, upande wa Gisaka nchini Rwanda, wana imigongo. Hii ni sanaa ya kutengeneza matuta ya mchoro ukutani kwa samadi ya ng'ombe na majivu, kisha kuyapaka. Kwa asili weusi hupikwa kwa majivu ya maganda ya ndizi na utomvu wa mshubiri, weupe ni udongo wa kaolini, wekundu ni udongo wa kawaida. Rangi hazizidi sana tatu nne. Lakini matuta yameinuka, hivyo jua likitembea kivuli nacho kinatembea, na ukuta wa asubuhi si ukuta wa jioni. Mafundi wa imigongo hawachori kivuli, wanakiandalia mahali. Nikiitazama, najiuliza kama sisi wapakaji hatupaki kupita kiasi.

Rangi tatu, basi. -Eupe, -eusi, -ekundu. Zilezile za sarufi, za ngao na za ukutani. Siitafsiri sadfa hiyo kuwa sheria. Nasema tu kwamba nani aliambiwa uchache ni umaskini, wakati watu hawa walitosheka nazo na wakasema mengi?

Kinachogombaniwa

Kuna atakayesema: ndugu, haya ni mambo ya kuchezea. Ni plastiki. Joka na watu wa anga hawahitaji ukweli wa udongo.

Nakubali nusu. Mchezo una haki ya kuwa mchezo, na nyekundu isiyo na vumbi kwenye jeshi la kubuni haimdhuru mtu. Lakini hawa hawabaki watu wa anga siku zote. Kuna wanaocheza vita vilivyotokea, na siku moja mtu atataka kuviweka mezani vita vya Kagera. Hapo mkoa wetu unaingia, ambao hata jina lake la sasa ulilipata baada ya vita hivyo, ukiacha lile la Ziwa Magharibi. Vikosi vya Amin viliingia mwishoni mwa Oktoba 1978. Jeshi letu lilivuka kwenda Uganda, Masaka ikaanguka Februari 1979, Kampala Aprili. Vifaru vilipakwa kijani. Kijani gani?

Atakayefungua kopo lililoandikwa kijani cha jeshi akapaka vyote sawasawa atakuwa na vifaru vya gwaride. Kijani cha siku ya kuvuka Mutukula hakiwezi kuwa kijani cha Kampala. Katikati kuna mvua za masika, kuna barabara za udongo mwekundu, kuna majani yaliyofungwa juu kujificha yakanyauka, kuna mikono ya vijana waliopanda na kushuka mlango uleule kwa miezi. Kuna ambao mikono yao haikurudi, na makaburi yao yako Kaboya, Muleba, katika mkoa huuhuu. Mpakaji anayeweka ung'avu mahali ambapo mikono ilishika, na wekundu mpaka usawa ambao vumbi lilifika, anakuwa ameshuhudia kitu. Anayepaka sawasawa amesema kwamba hakuna kilichotokea. Kwa vita vya kubuni hilo ni suala la ladha. Kwa vita hivi ni suala la ukweli, na wanaovikumbuka bado tunaishi nao.

Ndiyo maana nimeyaleta haya kwa watu wa fasihi. Tunaposoma riwaya zetu mpya, mara nyingi rangi ndani yake ni za kopo: gauni jekundu, anga la bluu, gari jeusi. Mwandishi amepita, rangi imebaki kama ilivyotoka kiwandani. Wakati huohuo bibi yake nyumbani anasema kanga hii imechujuka, ndizi ile haijaiva vizuri rangi, uso wa mtoto umepauka leo ana nini. Bibi kila anapotaja rangi anatoa habari, na nusu ya mara anauliza swali.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mpakaji na kwa mwandishi ni mmoja, na hauhitaji kopo lolote kutoka Uingereza. Kabla hujachagua ukolevu wa deraya, itaje kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa kitenzi. Sema: nyekundu iliyopauka mabegani, iliyochujuka chini ya ribiti, iliyochakaa pale mkono wa upanga unapogusa nyonga. Ukishindwa kupata kitenzi, hujui bado askari huyu ametoka wapi. Weka brashi chini, umfikirie kwanza.